Kuja Amsterdam na mtoto mdogo mwezi wa nne: mnayodhani na yalivyo

Kila mwaka ikifika Januari simu zinaanza. Binamu, shoga wa tangu sekondari, jirani wa mama kule Tabata, wote wanataka kuja Uholanzi mwezi wa nne "kuona yale maua" ya tulip, wote wana mtoto wa miaka miwili mitatu, na wote wanakuja na mambo yaleyale waliyoyasikia sijui wapi. Nimechoka kurudia kwa voisi noti, naandika mara moja.

"Aprili si baridi imeshaisha?"

Iliyoisha ni baridi kali, joto bado. Amsterdam mwezi wa nne mchana unacheza kwenye nyuzi 13 hivi, usiku inashuka mpaka 4 au 5, na huo upepo unaotoka baharini huwezi kuuona kwenye programu ya hali ya hewa. Fikiria Njombe mwezi wa saba asubuhi, alafu weka na mvua inayonyesha dakika kumi, jua linatoka, umeshavua jaketi, inarudi tena. Zile picha za watu wamevaa gauni jepesi katikati ya maua ni za kweli ila koti lipo pembeni limeshikwa na mpiga picha. Mtoto mvalishe nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya sweta moja zito, kofia ya kufunika masikio, na ule mfuniko wa plastiki wa kigari cha kumsukumia mtoto msiuache nyumbani. Mwamvuli hata msijisumbue, upepo unaugeuza siku hiyohiyo.

"Maua yako pale pale mjini, ukishuka tu unayaona."

Hapa ndo watu wanaumia. Mjini kuna tulip kwenye vyungu na sokoni, lakini yale mashamba ya mistari mistari ya rangi yako huko upande wa mji mdogo wa Lisse, na Keukenhof yenyewe, ile ya maua inayosifiwa, iko Lisse, sio Amsterdam, toka uwanja wa ndege wa Schiphol kuna basi linaloenda moja kwa moja. Na Keukenhof sio shamba bali ni bustani, hekta 32, kila vuli wanafukia ardhini vitunguu vya maua (yale mashina ya chini yanayofanana na kitunguu, ndo yanayoota tulip) kama milioni 7 ili vichanue kwa zamu. Inafunguliwa wiki kama nane tu kwa mwaka, kuanzia kwenye tarehe 20 Machi mpaka karibu wiki ya pili ya Mei, basi, inafungwa. Sasa kuna mtu anakata tiketi ya ndege ya Juni kwa sababu ndo shule zimefunga Tanzania, anafika anakuta geti limefungwa. Ukitaka kuwa salama lenga katikati ya Aprili.

Na hata Aprili mwishoni mashamba yanaweza kukuangusha, maana mkulima pale hauzi ua, anauza kitunguu chake. Ua likishachanua na yeye ameshakagua kama lina ugonjwa, anapita na mashine anakata vichwa vyote, ili nguvu ibaki chini kwenye kitunguu kikue. Kwa hiyo jana lilikuwa zulia jekundu, leo ni majani matupu na vichwa vimelala kwenye udongo. Hajafanya vibaya, ndo kazi yake. Na msiingie katikati ya mistari kupiga picha, ni mali ya mtu na mnabeba magonjwa ya mimea kwenye viatu. (Alafu kwa taarifa tu, tulip sio ya Waholanzi kiasili, ilitoka Asia ya Kati ikapitia kwa Waturuki, Waholanzi waliipokea karne ya 16.)

Kuhusu mtoto mwenyewe: chini ya miaka minne anaingia Keukenhof bure, wakubwa mnunue tiketi mtandaoni mapema kwa sababu ina siku na saa. Ila tusidanganyane, mtoto wa miaka miwili maua yanamchosha haraka sana, kitakachomfurahisha ni sehemu ya kuchezea na wale wanyama wa kushikwa shikwa. Nendeni asubuhi na mapema, mpigeni picha kabla hajachoka.

"Chini ya miaka sita hahitaji viza."

Asicholipa ni ada. Viza anahitaji, fomu yake, pasipoti yake mwenyewe, cheti cha kuzaliwa, na kama anasafiri na mzazi mmoja basi ridhaa ya maandishi ya yule mwingine. Mkubwa ni euro 90, wa miaka 6 mpaka 11 ni euro 45, chini ya hapo bure, na alama za vidole hawachukuliwi mpaka wafike 12. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, msisubiri wiki ya mwisho maana mwezi wa nne kila mtu anaomba.

"Amsterdam ni bangi na wale dada wa madirishani, mtoto unampelekaje?"

Eneo la hao dada wanaojiuza linaitwa De Wallen, ni mitaa michache ya katikati, ukitaka kulikwepa unalikwepa bila hata kujitahidi, na tangu Mei 2023 kuvuta bangi barabarani huko ni marufuku. Harufu mtaisikia kona mbili tatu, sikatai. Kwangu mimi hatari kwa mtoto ni mbili na hazina uhusiano na hayo: maji na baiskeli. Mifereji mingi haina ukuta wala uzio, barabara inaishia tu hapo, gari limepaki, chini maji. Mtoto anayejua kukimbia ashikwe mkono muda wote. Na ile njia ya rangi nyekundu nyekundu sio ya waenda kwa miguu, ni ya baiskeli, zinakuja kimya na kasi na anayeendesha hatarajii ukae hapo unachomoa chupa ya maziwa kwenye begi.

Ndo maana ule ushauri wa "mkifika mkodi baiskeli yenye sanduku la mtoto mbele muwe kama wenyeji" mimi siuungi mkono. Mwenyeji kaanza kuendesha kabla hajaanza shule. Kama mnaona lazima, basi zungukeni ndani ya bustani ya Vondelpark, mjini hapana. Tramu ipo, chini ya miaka minne hawalipi, kigari mnaingiza kwa mlango mpana wa katikati, mkubwa anagusisha kadi yake ya benki anapopanda na anaposhuka. Kushuka nako mguse, wengi wanasahau wanakatwa hela zaidi. Keshi hawapokei humo.

Na kuna kivuko nyuma ya Centraal, stesheni kuu ya treni, kinavuka kwenda upande wa kaskazini, bure kabisa, dakika chache tu umefika. Wageni wangu wanalipa hela nyingi kwa boti ya watalii ya saa nzima ambayo mtoto hatakiwi kusimama humo, wakati hiki kivuko mtoto anasimama, anaona meli, upepo unampiga, mkirudi anataka tena na mnamrudisha tena, nani atawadai?

"Tupate nyumba ya kizamani pembeni ya mfereji, itakuwa nzuri."

Kwa picha, ndiyo. Uliza kwanza kama kuna lifti. Nyumba zile ni nyembamba na ngazi zake zimesimama karibu kama za kupandia darini, samani zenyewe wanazivuta kwa kamba kupitia dirishani, ndo kazi ya zile ndoano mnazoziona juu kwenye paa. Wewe una kigari, begi, na mtoto aliyelala begani, chumba ghorofa ya tatu. Na bei mnayoiona mtandaoni uliza kama imeshajumuisha kodi ya mji, tangu 2024 ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba, wengine wanakutajia ukiwa mapokezi.

Usingizi: wengi wanaogopa tofauti ya saa, ambayo Aprili ni saa moja tu na nyumbani. Kinachosumbua ni mwanga, mwishoni mwa Aprili jua linazama karibu saa tatu usiku, na mtoto aliyezoea giza la saa moja hakubali kulala mchana kweupe. Ombeni chumba chenye pazia nzito.

"Museum na mtoto ni kutupa hela." Rijksmuseum chini ya miaka 18 ni bure, mkichoka nusu saa mnatoka. Mvua ikizidi nendeni maktaba kuu ya OBA karibu na Centraal, kuingia hulipi, kuna sehemu ya watoto, na juu kuna mgahawa mnaona mji wote.

"Hatakula." Atakula. Wana mkate wa siagi na chokoleti ya punje punje asubuhi, hakuna mtoto anaukataa, na anayelilia wali mpelekeni kwenye migahawa ya Wasurinam, watu wa asili ya Surinam kule Amerika Kusini, roti na kuku na wali vimejaa mji mzima, karibu na soko la Albert Cuyp pia. Jumapili soko halipo.

La mwisho, tarehe 27 Aprili ni siku ya Mfalme, ikiangukia Jumapili inasogezwa 26. Watu wanadhani watamuona mfalme Amsterdam, wakati yeye kila mwaka anaenda mji mwingine. Mtakachoona ni umati umevaa rangi ya chungwa, muziki na pombe katikati ya mji, kwa mtoto sio pazuri. Ila Vondelpark siku hiyo watoto wanatandika vitambaa chini wanauza midoli yao ya zamani, wengine wanapiga vinanda, na kwa sarafu za euro mbili tatu mtoto wenu anaondoka na mkono umejaa. Wahini asubuhi, na mbebeni mgongoni, kigari hakipiti na tramu za katikati hazifanyi kazi kama kawaida.