Uchumba umevunjika, moyo unauma: maswali na majibu

Maswali haya ni ya msichana wa Wete, Pemba, ambaye uchumba wake umevunjika baada ya mahari kukubaliwa.

Tangu nipate habari ile kifua kinanibana na chakula hakipiti. Naumwa au najidekeza?

Hujidekezi, mwanangu. Majonzi makali huufanya mwili umwage homoni za adrenalini na kotisoli: moyo huenda mbio, tumbo hukataa chakula, usingizi hupotea. Uko hata ugonjwa uitwao takotsubo, ulioelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1990, ambapo mshtuko mkubwa hudhoofisha misuli ya moyo kwa muda. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha koma hedhi, na wengi hupona. Kwa umri wako ni nadra, lakini maumivu yakishuka mkononi au ukikosa pumzi, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Wazee wananiambia niende kwenye karafuu nisahau. Kweli kazi inasaidia?

Inasaidia, ingawa hutasahau, wala si lazima usahau. Anayejifungia chumbani hukosa hata vile vidogo vilivyokuwa vikimpa raha, na huzuni inazidi. Ndiyo maana hata wanaotibu sonona humrudisha mgonjwa kwenye shughuli kidogo kidogo.

Mimi ningekupeleka kwenye kuchambua. Mmekaa jamvini jioni, shada kiganjani, unazisukuma karafuu kwa kidole gumba, zenyewe zinaanguka huku, makonyo unayatupa kule. Mikono haisimami, hadithi zinapita, na hakuna anayekukodolea macho. Chozi likikutoka, litoke. Kuupanda mkarafuu hali hukulala usiku, hapana. Watu huanguka na kuvunjika.

Nyumbani kila mtu anauliza. Nawajibu nini?

Chagua mmoja, shangazi au bibi, umweleze yote. Yeye ndiye awajibu wengine. Ila usile peke yako. Kaa kwenye sinia na wenzako hata kwa tonge mbili.

Nikishona kofia naota mchana kweupe. Nitaharibikiwa akili?

La. Angalia tu ndoto inakwenda wapi. Ukijiona kila siku bandarini unamngoja ashuke botini akuombe radhi, unalifungua jeraha upya, na ukiinuka hapo umechoka kuliko ulivyokaa. Lakini ukiwaza viua vya kofia utakavyovipanga, duka utakalofungua, au shairi linalokujia vina, hapo akili inajenga. Ndoto ya kwanza ikija, usigombane nayo. Hesabu viua, endelea na sindano.

Kuandika pia kunafaa. Utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa Marekani mwaka 1986, uliwataka wanafunzi waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo kuhusu jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walisikitika zaidi siku zile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao. Andika, kisha chana ukitaka.

Lini nitafute mganga wa hospitali?

Ikipita wiki mbili hulali, huli, huoni raha ya chochote, na kazi imekushinda, nenda kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi kwamba ni huzuni. Usiseme kichwa tu. Wakiona haja watakupeleka kwa wataalamu wa afya ya akili. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu. Ukiwaza kufa au kujidhuru, usingoje wiki mbili. Mwambie shangazi leo, alale nawe, na asubuhi mwende pamoja. Ukiona huwezi kujizuia, mwende usiku huo huo.