Bishara Iliyopandwa: Dini na Utawala katika Dune

Kila ninapofundisha riwaya ya kisayansi yenye dini ndani yake, wanafunzi hukimbilia alama: jangwa ni nini, maji ni nini, yule mnyoo mkubwa ni nani. Mimi huwauliza kwanza nani aliileta imani hiyo, na alikuwa anatafuta nini.

Katika Dune ya Frank Herbert, iliyotoka mwaka 1965, jibu halikufichwa. Bene Gesserit, chama cha wanawake wanaoendesha siasa za dola nzima kwa siri, wana kitengo ambacho kazi yake ni kupanda ngano na bishara kwenye sayari za mbali. Atakuja mama kutoka ng'ambo, watu wanaambiwa, na mwanawe atawakomboa. Bishara hiyo imewekwa kama akiba, ili mwanachama akikwama ugenini apate pa kushika.

Jessica, mmoja wa wanachama hao, anaihitaji akiwa sayari ya jangwa ya Arrakis. Mapes, mtumishi wa nyumba aliye Mfremen, yaani mwenyeji wa jangwa hilo, anamletea kisu kitakatifu cha jino la mnyoo, naye yuko tayari kumuua nacho akishindwa mtihani. Anamuuliza kama anajua maana yake. Jessica anakusudia kukiita muumba wa mauti, lakini neno la kwanza tu linapomtoka Mapes anapiga yowe, kwa kuwa Muumba ndilo jina la Wafremen kwa yule mnyoo. Ukurasa huu naupenda kuliko vita vyote vya kitabu. Kilio cha Mapes ni cha kweli kabisa, na Jessica, anayejua bishara ile ilitoka wapi, anaokoka kwa sababu ya ukweli huo. Mtawala hafaidiki na alama mpaka apatikane mtu anayeiamini bila hesabu yoyote.

Isaac Asimov alikuwa ameligusa jambo hili katika riwaya yake Foundation (1951). Salvor Hardin, meya wa sayari dhaifu ya Terminus, anawapa majirani wenye nguvu teknolojia ya nyuklia ikiwa imevikwa joho la ibada, na makuhani wanaoiendesha hawajui inavyofanya kazi. Meli ya kivita inapotumwa kumshambulia, kuhani aliyemo ndani anailaani, taa zinazimika, mabaharia wanawaasi wakubwa wao. Hadithi tamu, lakini kwangu ni nyepesi mno: aliyeitunga dini ndiye anayebaki ameshika swichi.

Herbert hakuamini hivyo. Paul, mwana wa Jessica, anaitwa Mahdi, yaani mkombozi anayesubiriwa, jina ambalo Mwislamu wa Pwani yetu hahitaji kuelezwa uzito wake. Sudan ya Muhammad Ahmad, aliyejitangaza kuwa Mahdi, kuanzia mwaka 1881 hadi kutekwa kwa Khartoum mwaka 1885, ilionyesha linavyoweza kuinua jeshi. Paul anaiona jihadi inakuja na anataka kuikwepa. Lakini anahitaji wapiganaji ili alipize kisasi cha baba yake, na kila ushindi unaithibitisha bishara. Anamtazama Stilgar, kiongozi hodari aliyempokea jangwani, akigeuka kutoka rafiki kuwa mwabudu. Kufikia hapo hata kifo cha Paul kisingezuia kitu. Kingempa Stilgar shahidi aliyeifia imani.

Wengi huishia kitabu cha kwanza na kudhani wamesoma habari za shujaa. Wasome Dune Messiah, ya mwaka 1969. Imepita miaka 12, Paul ni mfalme mkuu, na kwa makadirio yake ya chini ameua watu bilioni 61, ameua uhai wote katika sayari 90 na kufuta waumini wa dini 40. Anajilinganisha mwenyewe na Genghis Khan na Hitler. Sasa kuna ukuhani wenye ofisi, mahujaji na wapelelezi, na baadhi ya makuhani wanakula njama dhidi ya yule wanayemhubiri.

Mwishoni Paul, akiwa kipofu, anaondoka peke yake kwenda jangwani, kama desturi ya Wafremen inavyomtaka kipofu. Ametii sheria yao, na utii huo unawafunga kwa watoto wake kuliko amri yoyote aliyowahi kutoa akiwa kwenye kiti cha enzi.