Jibu la 26

Kila ninapokwenda kuwatathmini wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, najua nitakachoonyeshwa: andalio la somo limejazwa hadi safu ya mwisho, zana zimebandikwa ubaoni, sauti imepanda kidogo. Hayo nayapitia haraka. Ninachosubiri ni mtoto akosee.

Chukulia hesabu ya 52 kutoa 38. Mtoto anasimama: "Ishirini na sita." Walimu wengi hapo husema, "Hapana, mwingine!" Mikono inanyooshwa, mmoja anasema 14, anapigiwa makofi, somo linaendelea. Yule wa kwanza anakaa na 26 yake.

Mwalimu mwingine angemuuliza, "Umepataje?" Naye angeeleza bila wasiwasi: nane toa mbili, sita, tano toa tatu, mbili. Kumbe kutoa anajua! Anachofanya ni kutoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu iwe chini, kwa kuwa alishaambiwa kikubwa hakitoki kwenye kidogo. Kanuni ya mwaka jana ndiyo inayomponza. Mpe vijiti, mafungu matano ya kumikumi na viwili pembeni, umwambie atoe 38. Vile viwili havitamtosha, itabidi afungue fungu.

Walimu hawa wawili hawajapitana elimu; wote wanajua jibu ni 14. Ila mmoja ana udadisi wa kujua mtoto amewaza nini. Nikiulizwa sifa za mwalimu bora, watu hutarajia nitaje upole, ucheshi au wito. Sizikatai. Lakini nimewaona wapole wasiomsikiliza mtoto hata kidogo, na wenye sura ngumu ambao darasa zima linawakimbilia na maswali.

Udadisi bila subira haufiki mbali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao mwalimu hunyamaza baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kukaa kimya wakaanza kuchangia. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu, jaribu uone. Sisi huzijaza kwa "Tumeelewana?" na ile "Ndiyooo!" isiyomwambia mwalimu lolote.

Wanachuo hunibishia: mkufunzi, darasa lina watoto mia, nitamuuliza nani? Hoja ina uzito. Ila makosa ya watoto hufanana. Sahihisha madaftari ukiwa na kalamu na karatasi pembeni, andika majibu yasiyo sahihi yanayojirudia, kesho umuulize mmoja tu kati ya waliopata 26. Utakuwa umewauliza wote.

Na fimbo ikiwa mezani, usitegemee maelezo. Mtoto atasema "sijui" hata kama anajua alivyopata, au atanakili kwa jirani, na hapo hata daftari lake halitakuambia kitu.