Je, wajua kwa nini tundu la bomba la gesi ukutani halizibwi pande zote mbili?

Siku hizi wengi tunaweka mtungi nje halafu bomba la kopa linapita ukutani mpaka kwenye jiko, na ni jambo zuri sana, ila angalia pale linapopita: ama tundu limeachwa wazi hadi kidole kinaingia, ama fundi kakandika simenti ikashikana na bomba lenyewe. Yote mawili ni hatari.

Gesi ya mtungi ni propani na butani, ni nzito kuliko hewa mara 1.5 hadi 2, kwa hiyo ikivuja kwenye regulata haipai ikapotea, inashuka na kutambaa chini. Ikikuta tundu karibu inarudi jikoni kule kule ulikoitoa. Na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa inaweza kulipuka, hata cheche ya friji ikijiwasha inatosha. Inaniuma nikiona mtu katoa mtungi nje kwa ajili ya watoto wake halafu tundu limebaki hivyo.

Sasa simenti. Kopa ya mita 3 joto likipanda nyuzi 20 inarefuka karibu milimita 1, ni kidogo lakini ikibanwa inajisugua kila siku, na ukuta nao unatitia polepole, na kama bomba ni la chuma basi unyevu na mchanga wenye chumvi vinalila taratibu. Likitoboka humo hulioni. Kama ukuta ni wa tofali zenye matundu ndio mbaya zaidi, maana gesi inajaa kwenye yale matundu, inasafiri ndani kwa ndani, inakuja kutokea kwenye soketi ya chumba cha kulala ambako hakuna hata jiko.

Ndio maana bomba la gesi huvalishwa bomba jingine kubwa kidogo, mafundi wanaita slivu, linaloanzia uso wa ukuta wa ndani mpaka wa nje, na humo katikati pasiwe na kiungo chochote. Simenti inazunguka slivu pande zote mbili, hapo hakuna shida. Ile nafasi kati ya slivu na bomba la gesi ndiyo inazibwa upande wa ndani tu, kwa silikoni au kitu kingine kinachobaki laini ili bomba licheze. Upande wa nje unaachwa wazi, yaani bomba likivuja humo gesi itoke nje na uisikie harufu, na ile ya nje ikiingia inagota kwenye silikoni. Ukiziba kote umeifungia gesi ukutani. Ila hiyo nje iwe nje kweli, sio stoo wala veranda iliyofungwa, na slivu iinamie nje kidogo mvua isiingie.

Gesi asilia ya Songo Songo inayofika kwenye baadhi ya nyumba Dar yenyewe ni nyepesi, inapanda juu, lakini slivu inatakiwa vile vile.

Mpira wa gesi usiupitishe ukutani kabisa, panya wakiutafuna humo hutajua. Na kama kwako simenti imeshashika bomba, usilipige patasi mwenyewe, funga valvu ya mtungi na umuite fundi wa gesi, akimaliza apake povu la sabuni kwenye viungo vyote mbele yako muone kama kuna panapovuja.