Reptilia ni ngeli: nani anaingia, nani anabaki nje

Katika elimu ya viumbe, ngeli ni kundi la wanyama wa asili moja, wanaotambulika kwa viungo wanavyoshiriki. Sarufi inatusaidia hapa. Kinyonga ana ki- mwanzoni, lakini tunasema "kinyonga amepanda mti", si "kimepanda". Umbo halikuamua ngeli yake. Kwa wanyama ni vivyo hivyo: tandu hutambaa, ila hana uti wa mgongo, basi si reptilia.

Reptilia ana uti wa mgongo, ngozi kavu yenye magamba, na hupumua kwa mapafu tangu anapozaliwa. Yai lake lina ganda na hutagwa nchi kavu. Nyoka aitwaye bafe huliacha likue tumboni na kuzaa watoto hai. Chura anakwama hapo. Mvua za Dodoma zikianza, hutaga dimbwini mayai laini yasiyo na ganda, na viluwiluwi wake hupumua kwa matamvua. Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyepanga viumbe katika makundi, alimweka chura ngeli moja na mijusi. Wataalamu wa baadaye wakawatenganisha.

Chini ya ngeli kuna oda, na reptilia wana nne: kobe na kasa, mamba, tuatara (mnyama afananaye na mjusi) wa New Zealand, na mijusi pamoja na nyoka. Ndiyo, nyoka na kenge ni oda moja. Ugumu huja kwa mjusi asiye na miguu, anayeuawa bure kwa kudhaniwa nyoka. Tazama kope na tundu la sikio: nyoka hana vyote viwili. Usitegemee kope peke yake, maana mjusi kafiri wa ukutani naye hafumbi macho.

Baada ya oda huja familia, jenasi, kisha spishi. Kobe bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba ya Tanzania ya kati ana gamba laini lisilofanana na la kobe wengine, lakini familia yao ni moja. Jina lake la spishi ni Malacochersus tornieri: neno la kwanza ni la jenasi, na huanza kwa herufi kubwa.

Mamba wa bwawa la Mtera ndiye anayetatiza zaidi. Moyo wake una vyumba vinne kama wa kuku, wa kenge una vitatu, na kwa ukoo yuko karibu zaidi na kuku. Ndiyo maana wataalamu wengi leo huwahesabu ndege ndani ya reptilia. Vitabu vya shule huwapa ndege ngeli yao, na mwanafunzi ajibu hivyo kwenye mtihani.