Chumba hakina giza kwa sababu ya umeme

Mgeni akiingia tu katika chumba cha michoro ya karatasi, swali ni lilelile: "Papa, umeme umekatika?" Wengine hawaulizi hata. Wanawasha tochi ya simu na kuumulika mchoro kwa karibu. Natunza maonyesho ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, na hakuna dhana inayonichosha kama hii.

Umeme upo. Taa tumezipunguza makusudi hadi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kiwango ambacho makumbusho mengi hufuata kwa karatasi, vitambaa na rangi za maji. Rangi za mafuta huvumilia luksi 200 hivi, ndiyo maana chumba cha pili kinang'aa zaidi. Mwanga hupausha rangi, na iliyopauka hairudi, hata aje fundi gani. Tena madhara hujumlishana. Jua la saa sita mchana hufika luksi 100,000: karatasi ikikaa juani saa moja, imepokea mwanga wa saa 2,000 chini ya taa zetu, yaani siku 250 za kufungua chumba kwa saa nane. Hapo sijahesabu miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo kioo cha kawaida cha dirisha hakiizuii yote. Kwa hiyo tafadhali, mwenye guashi, yaani mchoro wa rangi nzito ya maji, ya mchoraji Pili Pili Mulongoy au ya mwenzake yeyote wa karakana aliyoianzisha Pierre Romain-Desfossés mjini humu mwaka 1946, asiitundike mkabala na dirisha la sebuleni. Na ukija kwetu, simama kwanza dakika tano bila kutazama simu. Macho yatazoea, na utaona hata alama ndogo za brashi.

Dhana nyingine ninazozisikia: "Kugusa kidogo hakudhuru." Kunadhuru. Chumvi ya jasho hula chuma na shaba, hata ile misalaba ya shaba ya Katanga iliyopita mikononi mwa watu wengi ilipotumika kama pesa.

"Makumbusho ya chuo ni ya wasomi." Ashmolean, makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford huko Uingereza, ilifungulia umma milango tangu 1683. Mama anayeuza mboga soko la Kenya hapa mjini aje, aulize anachotaka.

"Kisichoonekana ukutani kimeuzwa." Nalielewa shaka hilo, maana nchi hii imeibiwa mengi. Lakini karatasi iliyokaa miezi kadhaa kwenye mwanga lazima irudi ghalani, gizani, na nyingine ichukue zamu yake. Uliza namba ya mchoro. Imeandikwa kwenye daftari la mkusanyo pamoja na rafu ulipo.