Mashine ya theluji huugulia bandani

Theluji ya kwanza ikianguka Minneapolis, mtaa mzima unasikika ukivuta kamba za kuwashia injini. Mtu anavuta, anafyonya, anavuta tena mpaka bega linalegea. Mashine ya kurushia theluji, iliyofanya kazi vizuri mwezi Machi, imenuna. Fundi akiifungua anakuta kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imeziba, na kosa lenyewe lilifanyika Aprili, siku ilipoingizwa bandani. Sisi tuliotoka kwenye joto hatukurithi ujuzi huu, tunaokota maneno kwa majirani, na mengine si kweli.

Dhana: Petroli haichachi, iache tu tangini.
Inachacha, na mapema. Watengenezaji wengi wa injini ndogo huhesabu siku 30 hivi. Petroli ya kawaida ya jimbo letu la Minnesota ina ethanoli asilimia 10, nayo ethanoli hunyonya unyevu wa hewani. Sehemu nyepesi, ile inayoshika moto upesi, hupeperuka. Kinachobaki ni utandu wa rangi ya chai, unanata kama shira ya kaimati iliyopitiliza jikoni. Jeti ya kabureta, pale petroli inapopita, ina tundu dogo kama la sindano. Nilipofungua bakuli la kabureta yangu, linalokaa petroli, Novemba moja, nilikuta unga mweupe chini na harufu ya vanishi. Baadhi ya vituo huku vina pampu ya pekee ya petroli isiyo na ethanoli. Mimi siku hizi najaza hiyo.

Dhana: Ukishatia dawa ya kutunza petroli, umemaliza.
Dawa haifufui petroli iliyokwisha chacha. Itie kwenye petroli mpya, kisha washa injini nje kwa dakika 5 hadi 10 ili mchanganyiko ufike kwenye kabureta. Hapo ulijaze tangi. Hutaki dawa? Basi injini ikiwa imepoa, toa petroli yote, bakuli la kabureta likiwemo, kwa kulegeza bolti iliyo chini yake. Kuiacha injini ijizimie kwa kuishiwa mafuta kunasaidia, ila matone hubaki. Kibaya zaidi ni nusu tangi: juu ya mafuta pamejaa hewa yenye unyevu.

Dhana: Pini za mapanga huguswa zikikatika tu.
Hili ndilo linalokula pesa. Pini zile, zinazofunga mapanga ya kuchotea theluji kwenye shafti inayoyazungusha, zimefanywa dhaifu makusudi: panga likigonga gazeti lililogandia kwenye theluji, pini ikatike, giaboksi ipone. Sasa mapanga yakishikamana na shafti kwa kutu wakati wa kiangazi, pini hata ikikatika haiachii kitu, na kishindo chote kinaishia kwenye giaboksi. Kabla ya kuiweka, chomoa waya wa plagi, toa pini, piga grisi kwenye nipeli (vichuchu vya kutilia grisi) za shafti, zungusha mapanga kwa mkono mpaka yateleze, halafu rudisha pini. Ila grisi isiguse mkanda wala gurudumu la mpira la ndani. Vitu hivyo viwili hufanya kazi kwa kukwaruzana.

Dhana: Oili ibadilishwe Novemba, kazi ikikaribia.
Oili chafu ina maji na asidi, na itakuwa inakula vyuma miezi yote hiyo. Imwage Aprili, injini ikiwa na uvuguvugu.

Dhana: Ifunge nailoni, isipate vumbi.
Nailoni hutoa jasho. Osha chumvi ya barabarani, kausha, paka oili kidogo penye chuma kilichochubuka, funika kwa kitambaa. Usiilaze ubavu, oili itapanda kwenye silinda. Na isikae karibu na hita ya maji yenye moto. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kuufuata moto ulipo.

Dhana: Mashine za betri hazina matunzo.
Betri ya lithiamu haipendi joto la bandani mwezi Julai. Ichomoe, iweke ndani ya nyumba mahali pakavu, chaji ikiwa karibu nusu.